Soko limeshtukia nini? Mwongozo wa kusoma bei za hisa na hatifungani, Nairobi na Dar es Salaam

Tarehe 6 Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 12.5 hadi 13. Wiki iliyofuata Serikali ilikopa dola bilioni 1.5 ng'ambo kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, kisha ikauza nyumbani hatifungani (hati ya kuikopesha Serikali) ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46 isiyokatwa kodi. Kwa msikilizaji wa taarifa ya habari, hizo zilikuwa habari tatu mbaya mfululizo: mikopo ghali, deni ghali, Serikali inayohaha kutafuta fedha. Lakini shilingi, ambayo Januari ilihitajika kama 160 kuinunua dola moja, ilikuwa karibu na 130 Machi ilipokuwa inaisha. Fahirisi ya hisa zote za soko la Nairobi, yaani kipimo cha bei zake kwa jumla, nayo ilimaliza mwaka huo ikiwa imepanda kwa takriban theluthi moja.

Aliyeuza hisa zake Februari kwa sababu habari zilikuwa mbaya alikuwa amezisikia sawasawa. Tatizo ni kwamba hakujiuliza wenzake walikuwa wameshaogopa nini kabla yake.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye akaunti ya hisa au hatifungani moja mbili, anayeona bei zikipanda na kushuka bila kupata maelezo yanayoeleweka. Hatua zote hapa zinarudi kwenye jambo moja. Bei husogezwa na tofauti kati ya kilichotokea na kile ambacho watu walikuwa wameshakitegemea. Na katika masoko madogo kama yetu, husogezwa pia na mtu ambaye leo hana budi kuuza, iwe kampuni ni nzuri au mbaya.

Hatua ya 1: Kabla ya kuuliza kwa nini, uliza ngapi

Soko la Nairobi lipo tangu 1954 na lina kampuni kama sitini. Soko la Dar es Salaam lilianza biashara tarehe 15 Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, na hadi leo kampuni zake hazifiki thelathini. Katika masoko yote mawili, siku nyingi ni kampuni chache zinazouzwa kwa wingi, na nyingine hupita wiki nzima bila mnunuzi wa maana.

Kwa hiyo ukiona hisa imepanda kwa asilimia 8, usikimbilie kutafuta sababu. Tazama kwanza idadi ya hisa zilizouzwa. Kama ni mia tatu, huenda mtu mmoja alikuwa na haraka na muuzaji akagoma kushusha bei. Hapo hakuna cha kutafsiri. Kama ni laki kadhaa, na siku iliyofuata hali ni ileile, sasa kuna jambo.

Kuna mtego wa pili hapa, hasa Dar es Salaam: taasisi mbili zikikubaliana kando kuuziana fungu kubwa, thamani ya biashara ya siku huruka juu na vichwa vya habari husema soko limechangamka. Fungu moja limebadilisha mikono, basi. Ripoti ya siku ya dalali wako huonyesha mafungu hayo kando, na ukiyatoa ndipo unaona soko lilivyokuwa kweli.

Fahirisi pia zisikudanganye. Soko la Dar es Salaam lina fahirisi ya hisa zote, ambayo ndani yake zimo kampuni za Kenya zilizoorodheshwa kwa pamoja, kama KCB na East African Breweries, na lina nyingine inayohesabu kampuni za Tanzania peke yake. Ya kwanza inaweza kuanguka kwa sababu bei imeanguka Nairobi, huku Dar hakuna aliyeuza chochote. Nairobi nako, kuna miaka ambayo Safaricom peke yake ilibeba zaidi ya nusu ya thamani ya soko lote. Mtu akikuambia soko la Nairobi lilishuka wakati huo, mara nyingi alikuwa anakuambia Safaricom ilishuka.

Hatua ya 2: Ijue riba, maana kila bei hupimwa nayo

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu mtu akielewa hatua hii tu ameshaelewa nusu ya soko.

Tuseme una hatifungani ya miaka kumi yenye thamani ya shilingi 100, inayokulipa shilingi 12 kila mwaka. Kesho Serikali inatoa mpya ya miaka kumi inayolipa 16. Ukitaka kuuza yako, hakuna atakayekupa 100, maana kwa 100 hiyohiyo anapata 16. Itabidi ushuke hadi kama 80.7 ndipo mnunuzi wako apate faida ileile ya asilimia 16 kwa mwaka. Mambo yakigeuka, Serikali ikawa inatoa mpya kwa asilimia 10, yako itafika kama 112.

Fanya hesabu hiyo kwa hatifungani ya miaka miwili na utaona mtikisiko ni mdogo sana: riba ikiwa 16 bei inashuka hadi kama 93.6, ikiwa 10 inapanda hadi kama 103.5. Muda ukiwa mrefu, bei hutikisika zaidi. Wengi wanaonunua hatifungani za miaka 20 au 25 kwa sababu "ni za Serikali, hazina hatari" hawajaambiwa hili. Ni kweli Serikali itakulipa ikiiva. Lakini ukiugua mwaka wa tatu ukataka fedha zako, utauza kwa bei ya soko.

Tanzania ilitoa mfano safi. Mwaka 2021 hatifungani ya miaka 25 ilikuwa inalipa asilimia 15.95. Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za muda huohuo ikashushwa hadi 12.56. Aliyekuwa na ile ya zamani hakufanya lolote, hakuongeza hata senti, lakini ghafla alikuwa ameshika karatasi ambayo kila mfuko wa pensheni uliitaka.

Sasa iunganishe riba na hisa. Chukua gawio la mwaka, yaani faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa, ligawe kwa bei ya hisa. Safaricom ililipa shilingi 1.20 kwa hisa kwa mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024. Kwa bei ya shilingi 13, hiyo ni asilimia 9.2. Linganisha na asilimia 18.46 isiyo na kodi ambayo Serikali ilikuwa inakupa Februari hiyohiyo. Meneja wa mfuko wa pensheni angejitetea vipi mbele ya wadhamini wake kwa kuchagua hisa? Ili anunue, bei ingebidi iwe imeshuka sana, na ndivyo ilivyokuwa.

Halafu riba ikaanza kuteremka. Benki Kuu ya Kenya ilipunguza hadi 12.75 Agosti 2024, na ikaendelea kupunguza kikao baada ya kikao hadi kufikia asilimia 9 mwezi Desemba 2025. Dhamana za siku 91, yaani mikopo ya muda mfupi ya Serikali, zilizokuwa zinalipa karibu asilimia 16 katikati ya 2024, zikawa chini ya 10 mwanzoni mwa 2025. Gawio lilelile la shilingi 1.20 ambalo lilionekana dogo likaanza kuonekana la maana, na watu wakawa tayari kulilipia zaidi.

Ukilinganisha, linganisha baada ya kodi. Kenya, dhamana za muda mfupi hukatwa asilimia 15, hatifungani za miaka kumi au zaidi hukatwa 10, za miundombinu hazikatwi. Ile 18.46 ilikuwa sawa na hatifungani ya kawaida ya muda mrefu inayolipa kama 20.5. Ndiyo maana Serikali ilitafuta bilioni 70 na wananchi pamoja na wageni wakaleta maombi ya zaidi ya bilioni 288.

Tanzania riba ya Benki Kuu ni jambo jipya zaidi. Ilianza kutumika Januari 2024 kwa asilimia 5.5, ikapandishwa hadi asilimia 6 mwezi Aprili mwaka huo, na ikashushwa hadi 5.75 Julai 2025. Miondoko ni midogo, na mfumuko wa bei umekuwa ukizunguka asilimia 3, kwa hiyo tangazo la kikao chenyewe mara nyingi halitikisi soko la Dar. Huko, matokeo ya mnada wa hatifungani za muda mrefu hueleza zaidi: maombi yamezidi kiasi kilichotakiwa, au yamepungua? Yakipungua mnada baada ya mnada, ujue wawekezaji wanadai riba kubwa zaidi na huenda wakaipata.

Hatua ya 3: Mfuate mgeni na dola yake

Kwa miaka mingi wageni walikuwa wakifanya nusu au zaidi ya biashara yote ya hisa Nairobi. Mgeni huyo hahesabu kwa shilingi. Tuseme mwanzoni mwa 2022 alileta dola zake zikabadilishwa kwa shilingi 113, akanunua hisa, na hadi mwisho wa 2023 bei ya hisa haikusogea hata kidogo. Wewe ungesema hajapoteza. Lakini dola wakati huo ilikuwa zaidi ya shilingi 156. Akirudisha fedha kwao amepoteza zaidi ya robo ya mtaji wake.

Wakati huohuo, nyumbani kwake mambo yalikuwa yanabadilika. Benki Kuu ya Marekani ilikuwa imeanza kupandisha riba Machi 2022 kutoka karibu sifuri, na kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya 5.25 na 5.50. Kwa nini ahangaike na shilingi inayoteleza wakati Serikali yake mwenyewe inamlipa asilimia tano kwa dola?

Akauza. Na mgeni anapouza Nairobi huuza kile chenye wanunuzi wengi, yaani Safaricom na benki kubwa, hata kama hana ugomvi na kampuni hizo. Hisa ya Safaricom iliyopita shilingi 40 mwaka 2021 ilikuwa chini ya 15 mwishoni mwa 2023. Gharama za kuanza biashara Ethiopia, iliyofunguliwa rasmi Oktoba 2022, zilikuwa sehemu ya sababu na si sehemu ndogo. Lakini waliotafuta maelezo yote ndani ya hesabu za kampuni hawakuyapata, kwa sababu sehemu nyingine ya maelezo ilikuwa Washington.

Hivyo basi, katika ripoti ya wiki ya soko tafuta mstari mmoja: wageni wamenunua zaidi ya walivyouza, au kinyume chake? Wakiuza kwa wingi wiki baada ya wiki na hesabu za kampuni hazijaharibika, bei unayoiona ni ya muuzaji mwenye haraka. Kwa mwekezaji wa hapa nyumbani mwenye subira, anayekula kwa shilingi na kulipa ada za watoto kwa shilingi, hiyo inaweza kuwa nafasi nzuri kuliko zote. Inaweza pia kuchukua miaka miwili kuzaa, na wengi subira huwaishia.

Kwa Tanzania mgeni ana uzito mdogo zaidi katika hatifungani, lakini shilingi ina majira yake. Nusu ya kwanza ya mwaka hulegea. Nusu ya pili, watalii wanapojaa na mazao kama korosho na tumbaku yanapouzwa nje, huimarika. Mwishoni mwa 2024 ilitoka karibu na 2,700 kwa dola hadi karibu na 2,400 kwa muda mfupi. Mtu anayesoma kila kulegea kwa Aprili kama dalili ya maafa anausoma msimu kama msiba.

Hatua ya 4: Andika kilichotarajiwa kabla hakijatokea

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, na bila hiyo nyingine zote zinabaki kuwa maelezo ya baada ya tukio.

Turudi Februari 2024. Kenya ilikuwa na mkopo wa Yurobondi (hatifungani ya dola inayouzwa ng'ambo) wa dola bilioni 2 uliochukuliwa 2014 na ulitakiwa kulipwa Juni 2024. Mwaka mzima wa 2023 swali sokoni lilikuwa moja: italipa au haitalipa? Zambia ilikuwa imeshindwa kulipa 2020 na Ghana 2022, kwa hiyo hofu haikuwa ya kubuni. Mwagizaji wa bidhaa aliyepata dola aliificha badala ya kuiuza. Kila dola iliyofichwa ilizidi kuisukuma shilingi chini, na kila shilingi ilivyoshuka ndivyo wengine walivyoficha zaidi.

Kisha Serikali ikakopa upya, ikatumia fedha hizo kununua sehemu kubwa ya deni lile kabla halijaiva. Gharama ilikuwa kubwa, ndiyo. Lakini soko halikuwa linalinganisha asilimia 10 na asilimia 7 za zamani. Lilikuwa linalinganisha asilimia 10 na kushindwa kulipa kabisa. Kwa kipimo hicho habari ilikuwa njema mno. Dola zilizofichwa zikatoka, wageni wakaleta nyingine kununua ile hatifungani ya miundombinu, na shilingi ikageuka kwa kasi ambayo hata waliokuwa wakiiombea hawakuitegemea.

Utajuaje watu wanatarajia nini? Njia rahisi ni tatu.

Kwanza, tazama minada iliyotangulia. Kama riba ya dhamana za siku 91 imekuwa ikishuka kidogo kidogo wiki sita mfululizo, soko limeshaamua kwamba Benki Kuu itapunguza. Ikipunguza kwa robo asilimia, hakuna atakayeshtuka. Isipopunguza, ndipo utaona vumbi.

Pili, tazama bei yenyewe katika mwezi uliotangulia. Hisa ya benki iliyopanda kwa asilimia 20 kabla ya matokeo ya mwaka inabeba faida kubwa tayari. Faida ikija kubwa vilevile, bei inaweza hata kushuka, kwa sababu waliokuwa wananunua kwa tetesi sasa wanavuna.

Tatu, soma wachambuzi wa kampuni za udalali, hasa makadirio yao kabla ya kikao cha kamati ya sera ya fedha ya Benki Kuu, inayoamua riba. Si lazima uamini hoja zao. Unachotaka ni kujua umati umesimama upande gani.

Baada ya hapo chukua daftari, gawa ukurasa safu tatu: kilichotarajiwa, kilichotokea, bei ilivyofanya. Safu ya kwanza ijazwe kabla ya tangazo, kwa tarehe. Ukiijaza baadaye utajidanganya bila kujua. Akili ya binadamu ni hodari wa kukumbuka kwamba ilijua tangu mwanzo.

Hatua ya 5: Soma kampuni, lakini soma na sababu ya tangazo

Matokeo ya kampuni ni somo refu na kuna mengi ya kusoma kwingine. Nitataja machache yanayosogeza bei kwa ghafla.

Onyo la faida. Kanuni za Kenya zinaitaka kampuni iliyoorodheshwa itangaze mapema inapoona faida yake itashuka kwa asilimia 25 au zaidi chini ya mwaka uliotangulia. Tangazo hilo aghalabu ni ukurasa mmoja wenye lugha laini: "mazingira magumu ya biashara", "gharama za mara moja". Tafuta humo kama sababu itajirudia mwakani. Hasara ya kuuza jengo haijirudii. Wateja waliohamia kwa mshindani hawarudi kirahisi.

Ofa ya kununua kampuni. Diageo, kampuni ya pombe ya Uingereza, ilipotangaza Oktoba 2022 kwamba inanunua hisa zaidi za East African Breweries kwa shilingi 192 kila moja, bei sokoni ilikuwa chini sana ya hapo. Ilipanda mara moja. Ofa ilipokamilika Machi 2023 na Diageo kufikia asilimia 65, mnunuzi mkubwa akaondoka, na bei ikarudi chini. Ofa ya namna hii ni mlango wenye tarehe ya kufungwa. Anayenunua baada ya tarehe hiyo kwa kuwa "Diageo walilipa 192" ananunua historia.

Hisa mpya zinazouzwa kwa umma nazo zina lao. Safaricom iliuzwa 2008 kwa shilingi 5, watu wakakopa ili wapate, maombi yakazidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa. Miezi michache baadaye msukosuko wa fedha wa dunia ukapiga na bei ikashuka chini ya 3. Mkulima aliyekopa kwa riba akauza kwa hasara ili alipe. Jirani yake aliyetumia akiba akasubiri. Wote walikuwa na kampuni moja. Kilichowatenganisha ni fedha zilitoka wapi.

Hatua ya 6: Siasa na mishtuko: je, imegusa mapato?

Ikitokea ghasia, hukumu au janga, swali ni moja: tukio hili limebadilisha fedha zitakazoingia kwenye kampuni, au limebadilisha mapigo ya moyo tu?

Agosti 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kuzuia riba za mikopo ya benki zisizidi asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Hisa za benki zikaporomoka, na zilikuwa na haki ya kuporomoka: sheria iligusa moja kwa moja kile benki inachokula. Ilipoondolewa Novemba 2019, zikapanda. Hiyo ndiyo siasa ya kuogopwa na mwekezaji, na mara nyingi huja kimya kimya kwenye muswada, haiji na mabomu ya machozi.

Juni 2024 ni mfano mgumu zaidi. Vijana waliandamana dhidi ya Muswada wa Fedha, Bunge likavamiwa tarehe 25, na siku iliyofuata Rais akaukataa muswada. Julai, Moody's, wakala wa kupima uwezo wa nchi kulipa madeni, wakaishusha Kenya hadi daraja la Caa1, na wengine wakafuata Agosti. Wenye Yurobondi za Kenya walidai faida kubwa zaidi. Shilingi je? Ilibaki karibu na 129. Ukiwa na hatifungani ya dola ulipata kishindo. Ukiwa na dola benki ukisubiri shilingi ianguke, ulisubiri bure. Tukio moja, masoko mawili, majibu mawili, kwa sababu kila soko lilikuwa linauliza swali lake: moja linauliza Serikali itapata wapi kodi ya kulipa deni, lingine linauliza leo kuna dola za kutosha au hakuna.

Na kuna siku ambazo hakuna cha kutafsiri. Tarehe 13 Machi 2020, Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, fahirisi ya kampuni ishirini ilishuka kwa zaidi ya asilimia 5 na biashara ikasimamishwa. Siku kama hiyo bei ni kelele za watu wanaokimbilia mlango. Usiuze siku hiyo kama hulazimiki. Usinunue pia asubuhi hiyo kwa kishindo, maana hujui kama mlango umeshafunguka wote.

Hatua ya 7: Weka kalenda

Mambo mengi yanayosogeza soko yana tarehe inayojulikana. Ziandike mwanzoni mwa mwaka:

- Kamati ya sera ya fedha ya Kenya hukaa kila miezi miwili, kuanzia Februari. Ya Tanzania hukaa kila robo: Januari, Aprili, Julai, Oktoba. Ya Marekani hukaa mara nane kwa mwaka.
- Takwimu za mfumuko wa bei: Kenya hutolewa mwisho wa mwezi, Tanzania ndani ya siku za mwanzo za mwezi unaofuata.
- Mnada wa dhamana za muda mfupi Kenya ni kila wiki. Ratiba ya Tanzania hutangazwa na Benki Kuu kwa mwaka mzima wa fedha.
- Bajeti za nchi zetu husomwa Juni. Kinachogusa soko ni kiasi Serikali inachopanga kukopa ndani, pamoja na kodi mpya za bia, simu, saruji na benki.
- Benki nyingi hutoa matokeo ya mwaka Machi. Safaricom hutoa Mei na Novemba, kwa kuwa mwaka wake huishia Machi.

Wiki yenye tarehe mbili au tatu za namna hii, kama ile ya Februari 2024, ndiyo ya kukaa na daftari mkononi.

Hatua ya 8: Kabla ya kutuma agizo

Ukishaamua, usimwambie dalali "nunua tu". Mpe bei ya juu kabisa utakayokubali. Katika soko lenye wauzaji wachache, agizo lisilo na bei linaweza kupanda ngazi zote za ofa na kukuachia hisa za ghali kuliko zilivyokuwa asubuhi. Kumbuka pia ada: kwa mwekezaji mdogo, kununua na baadaye kuuza kwa pamoja kunaweza kula karibu asilimia 4. Kwa hiyo tafsiri yoyote ya soko inayokuahidi faida ya asilimia 3 imeshakupeleka kwenye hasara kabla hujaanza.

Kama unanunua kwa ajili ya gawio, hesabu siku. Nairobi na Dar es Salaam, hisa huingia kwa jina lako siku ya tatu ya kazi baada ya kununua. Daftari la wanahisa likifungwa Jumatatu, na hakuna sikukuu katikati, siku ya mwisho ya kununua ni Jumatano ya wiki iliyotangulia. Alhamisi utapata hisa, gawio litakwenda kwa aliyekuuzia, na likishatengwa bei kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribiana na gawio lenyewe.